Maji Ndani, Ukavu Nje: Sayansi ya Bata wa Beijing

Mpishi anasukuma kitoroli hadi kando ya meza. Juu ya sinia amelala bata mzima, ngozi yake inang'aa kwa wekundu wa kahawia ambao Wachina huuita rangi ya kunazi. Kisu kipana kinapita kifuani bila kugusa mfupa, na kipande cha kwanza kinachowekwa sahanini si nyama. Ni ngozi tupu. Mlaji anaichovya kwenye sukari, anaitia mdomoni, inavunjika kwa mlio kisha inayeyuka.

Mgeni anaweza kudhani kumkata bata mbele ya walaji ni madaha ya mgahawa. La hasha. Utaratibu huu, tangu jikoni hadi mezani, unajibu swali moja la kifizikia: maji yako wapi?

Ngozi mbichi imejaa maji, na maji yanapochemka hubaki kwenye nyuzi joto 100, kwa kuwa joto lote linaloingia linatumika kuyageuza mvuke. Basi ngozi yenye unyevu haivuki kiwango hicho, hata tanuri liwe kali namna gani. Lakini rangi ya kahawia na harufu ya choma hutokana na sukari kukutana na asidi za amino, mmenyuko ulioelezwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, nao hushika kasi kwenye nyuzi joto 140 hivi. Ndiyo maana ukoko wa wali hautokei mpaka sufuria ikauke. Bata naye ni vivyo hivyo: pasipo ukavu hapana utamu wa choma.

Kwa hiyo kazi huanza mapema, hata siku moja kabla. Mpishi hupuliza hewa kati ya ngozi na nyama mpaka bata atune kama puto. Matumbo hutolewa kupitia tundu dogo chini ya bawa, ili ngozi ibaki nzima. Kisha bata humwagiwa maji yanayochemka. Kolajeni, protini inayoishikilia ngozi, hujikunyata na ngozi ikakazana.

Halafu hupakwa shira ya kimea. Nafaka inapochipua, vimeng'enya vyake hukata wanga kuwa sukari iitwayo maltosi; aliyewahi kuonja togwa iliyotiwa kimea anaujua utamu huo. Sukari ya kawaida ya mezani haiingii kwenye mmenyuko wa Maillard mpaka kwanza ivunjwe. Maltosi huingia moja kwa moja. Baada ya hapo bata hutundikwa penye hewa kwa saa nyingi, ngozi ikauke.

Kinachofuata kinashangaza. Baada ya kuhangaika kuondoa maji nje, mpishi anayatia ndani! Tundu la nyuma huzibwa kwa kipande cha bua la mtama, na maji humiminwa tumboni. Tanurini maji hayo huchemka, nyama ikaiva kwa mvuke huku ngozi ikichomwa kwa moto. Bata mmoja, mapishi mawili.

Tanuri nalo ni la aina mbili. Mgahawa wa Bianyifang, unaohesabu umri wake tangu mwaka 1416, hutumia tanuri la kufungwa: kuta hupashwa moto kwanza, kisha bata huiva kwa joto linalotoka ukutani. Quanjude, ulioanzishwa na Yang Quanren mwaka 1864, ulieneza tanuri lililo wazi. Humo bata hutundikwa karibu na moto wa kuni za miti ya matunda, kama mpea na mkunazi wa Kichina, na mpishi huwageuza kwa mti mrefu. Katika matanuri yote mawili, mafuta mengi yaliyo chini ya ngozi huyeyuka na kuchuruzika, yakiikaanga ngozi kwa upande wa ndani.

Bata akitoka motoni, saa inaanza kuhesabu. Nyama bado ina maji, na mvuke wake unapanda kuelekea kwenye ngozi. Kolajeni iliyokauka huunywa unyevu huo, na kilichokuwa kikavu kau kinakuwa kama mpira. Ndiyo sababu bata hukatwa mezani, na ngozi ya kifua hutangulia. Nyama inaweza kungoja kidogo, ikafungwa ndani ya chapati nyembamba kama manda za sambusa, pamoja na vitunguu majani, tango na mchuzi mzito, mtamu, wa unga wa ngano uliochachushwa. Mifupa ndiyo yenye subira kuliko vyote. Hurudi jikoni kuwa supu.

Julai 1971, Henry Kissinger, mshauri wa Rais wa Marekani, alikuwa Beijing kwa siri, akizungumza na Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai. Zhou alikuwa ametoa hoja kali, na Kissinger akaanza kujibu. Baada ya hoja yake ya kwanza tu Zhou akamkatiza: wale kwanza, bata atapoa. Mataifa mawili yaliyokuwa hayana uhusiano wa kibalozi kwa zaidi ya miaka 20 yalikuwa na mengi ya kumaliza, nayo yangeweza kungoja hadi baada ya chakula. Ngozi ya bata isingengoja.