Wanaokaa karibu na hatari waambiwe mbele

Ku mine, mbele ya kulipusha majiwe, sireni inalia. Kila mutumikaji anajua atakimbilia fasi gani, na hakuna anayerudia mu shimo mpaka mukubwa wa kazi aseme njia iko wazi. Si woga. Mwenye kukaa karibu na hatari ana haki ya kujua.

Mu inchi zingine kuko hatari inayofungwa ku bandari, pembeni ya nyumba za watu. Ni masua za vita zinazotembea chini ya maji kwa nguvu ya nikleeri. Ndani kuko reaktere ya uraniumu: moto wake unachemusha maji, mvuke unazungusha mashini. Mu bahari masua ile iko mbali na watu. Lakini lazima irudi kutengenezwa.

Tarehe 10 Agosti 1985, ku Chazhma, karibu na Vladivostok mu Urusi ya zamani, watumikaji walikuwa wanabadilisha uraniumu ya masua K-431. Mufuniko wa reaktere ukanyanyuliwa vibaya, reaktere ikawaka gafula na kupasuka. Watu 10 wakakufa pale pale. Serikali ikaficha habari kwa miaka. Miezi nane na nusu nyuma yake, reaktere ya Chernobyl ikapasuka, na wakaaji wa Pripyat, muji wa pembeni, wakakaa siku moja na nusu mbele ya kuhamishwa. Bana walikuwa wanacheza inje.

Siri haikuweza kila fasi. Mu Mei 2000, masua ya Uingereza, jina lake Tireless, iliharibika mu tiyo ya maji yanayopooza reaktere. Wakaipeleka Gibraltar, muji mudogo wa Waingereza unaopakana na Hispania. Ilibaki pale karibu mwaka mzima, mpaka Mei 2001. Watu wa Algeciras, ngambo ya maji, wakaandamana kwa maelfu. Walikuwa wanauliza: kwa nini kazi ya namna hii ifanyikie mbele ya milango yetu? Ufa ule ulifanya Waingereza waite masua zao zingine za namna ile zirudi kukaguliwa.

Mu Ufaransa, masua za namna hii zinakaa Toulon. Pale serikali imeandika mupango wa siku ya hatari, na wakaaji wa karibu wamegawiwa kinini ya yode. Mu shingo ya mutu kuko tezi inayokunywa yode. Ikiisha kushiba yode muzuri, haichukue ile ya sumu. Lakini kinini haizuie sumu zingine, na inamezwa saa ile wakubwa wanatoa agizo. Watoto na mama wa mimba ndio wa kwanza.

Tarehe 12 Juni 2020, masua Perle ilishika moto mu Toulon ile ile, ikiwa inatengenezwa. Iliungua kwa saa nyingi. Uraniumu haikuwa ndani. Ile haikuwa bahati: kazi ilipangwa vile, uraniumu inatoka mbele, matengenezo inafuata.

Ndugu mumoja wa sendika aliniuliza: « Bahari iko mbali, ile mambo inatuangaria nini? » Baba, inatuangaria. Uraniumu ya Shinkolobwe, pale karibu na Likasi, iliingia mu bombe za Marekani za 1945. Kazi ile ilifunikwa na siri ya vita. Wazee wetu waliichagua majiwe na mikono, na hakuna aliyewaambia inaenda kufanya nini.

Kwa hiyo, tuchukue maulizo ya watu wa Algeciras, tuyapeleke ku mukutano wa usalama wa kampani. Hatari iko fasi gani? Sireni italia namna gani, na watu wa cité pembeni ya mine wataisikia? Bibi na bana watakimbilia wapi? Nani atawaambia, na mu luga gani? Delege asitoke mbele ya kupata jibu, na jibu liandikwe, lisibakie mu kinywa tu. Nyuma yake, tulisome ku nyumba, mama na bana wakisikia.