Viishio vya Majina ya Asidi na Ioni: Suala la Fonolojia katika Istilahi za Kemia

Uundaji wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umejadiliwa mara nyingi kwa kutazama neno moja moja: lipi likopwe, lipi litafsiriwe. Majina ya asidi na ioni hayawezi kushughulikiwa hivyo. Humo maana haibebwi na mzizi peke yake bali na kiishio pia, na kila kiishio hupata thamani yake kwa kulinganishwa na vingine. Makala haya yanaeleza mfumo huo, kisha yanaonyesha, kwa mfano wa Kericho, kwa nini uteuzi wa irabu moja ni jambo zito.

1. Mfumo

Ioni ya atomi nyingi ni kundi la atomi zilizoungana ambalo kwa jumla lina chaji. Msingi wa kuzitaja uliwekwa Paris mwaka 1787 na Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walioamua kwamba jina lidhihirishe muundo wa kitu. Katika jozi ya ioni zenye oksijeni, ile yenye oksijeni zaidi huishia kwa -eti, na yenye pungufu kwa -iti: salfeti (SO₄²⁻) na salfiti (SO₃²⁻), nitreti (NO₃⁻) na nitriti (NO₂⁻). Kiishio -aidi kwa kawaida huonyesha ioni ya elementi moja isiyo na oksijeni, kama salfaidi (S²⁻) na kloraidi (Cl⁻).

Jina la asidi hufuata jina la ioni. Penye -eti, asidi huishia kwa -iki: asidi nitriki. Penye -iti, huishia kwa -asi: asidi nitrasi. Penye -aidi, hutanguliwa na haidro- na kuishia kwa -iki: asidi haidrokloriki.

Ifahamike kwamba viishio hivi havihesabu atomi. Salfiti ina oksijeni tatu, na nitreti vilevile ina tatu. Mwanafunzi anayedhani kuwa -eti ni idadi fulani hupotea mapema. Hana budi kuelewa kwamba -eti ni "zaidi ya mwenzake".

2. Mfano wa Kericho

Katika nchi ya majani chai, maneno haya si ya darasani tu. Mchai hustawi katika udongo wenye asidi. Salfeti ya amoniamu inapotiwa shambani kama mbolea, bakteria wa udongoni huigeuza amoniamu kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitreti, na katika kazi hiyo ioni za haidrojeni hutolewa na kuzidisha asidi ya udongo. Tofauti ya i na e hapa ni tofauti ya hatua mbili za badiliko moja.

Wanafunzi wengi wa eneo hilo huzungumza Kikipsigis nyumbani, na shuleni hufundishwa kemia kwa Kiingereza. Katika Kikipsigis, t na d si fonimu mbili: kubadilisha moja kwa nyingine hakubadili maana ya neno. Kwa upande mwingine, irabu zake ni nyingi kuliko tano za Kiswahili, na i, e na a hutofautisha maana bila taabu. Lugha hiyo haina f pia, lakini upungufu huo hauleti utata, kwa kuwa f imo katika salfeti, salfiti na salfaidi sawasawa.

Katika matamshi ya Kiingereza, majina ya ioni SO₃²⁻ na S²⁻ hutengwa na t na d tu mwishoni. Mwanafunzi asiyezoea kuzitenga konsonanti hizo hulisikia jina moja. Ilhali asidi ikimiminwa juu ya salfiti hutoka salfa dioksaidi, na juu ya salfaidi hutoka haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai bovu na sumu kali.

3. Uteuzi

Kiswahili hakilazimiki kuurithi utata huo. Tukifuata maandishi tu, tutapata salfiti na salfidi; tukifuata matamshi tu, tutapata salfaiti na salfaidi. Njia zote mbili huuacha mzigo wote juu ya t na d. Lakini utaratibu wa salfeti, salfiti na salfaidi huuhamishia mzigo kwenye irabu. Katika mbili za kwanza, irabu inayotofautisha huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, mahali pa mkazo. Ya tatu huongezewa silabi nzima. Aidha, oksaidi na kloraidi zimekwisha kuzoeleka.

Huenda mwanaisimu akaona kwamba kuchanganya maandishi na matamshi ni kukosa kanuni. Lakini kanuni ya istilahi zilizo katika mfumo ni kutenganisha maana kwanza, na masikio ya kutegemewa ni ya yule ajifunzaye, awe wa Pwani au wa Kericho.