Baiskeli ya kuegemea

Baiskeli ya kuegemea ni baiskeli ambayo mwendeshaji wake hukaa kwenye kiti chenye egemeo la mgongo na kunyoosha miguu mbele kuelekea kwenye pedali, badala ya kukaa juu ya tandiko huku pedali zikiwa chini yake. Huitwa pia baiskeli ya kulalia, kwa kuwa egemeo la baadhi ya aina limelazwa sana. Iko ya magurudumu mawili na ya magurudumu matatu.

Sababu kuu inayowafanya watu kuihamia ni maumivu ya mwili. Lakini starehe ya kiti hicho inategemea barabara, vilima na mizigo. Mahali kama Isansa, kata ya Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Songwe nchini Tanzania, mambo hayo matatu yana uzito kuliko kiti chenyewe.

Maumivu yanakotoka

Kwenye baiskeli ya kawaida uzito wa mwendeshaji hubebwa na sehemu tatu: makalio, viganja na nyayo. Tandiko jembamba hubana neva na mishipa ya damu ya msamba, ndiyo maana sehemu hiyo hufa ganzi baada ya safari ndefu. Anayeinama sana mbele huumia vifundo vya mikono, mabega na shingo.

Hata hivyo, baiskeli nzito nyeusi iliyozoeleka Afrika Mashariki, ya magurudumu ya inchi 28, haimwinamishi mtu sana. Usukani wake umeinuka na tandiko lake pana mara nyingi lina springi. Maumivu yake mengi hutokana na kipimo kibaya. Baiskeli moja ikitumiwa na nyumba nzima, tandiko hushushwa limfae mfupi kuliko wote, na mrefu hukanyaga huku magoti yamekunjika. Kipimo rahisi ni kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: goti linapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande mmoja. Marekebisho hayo huhitaji spana tu, na ni vema yafanywe kabla ya kufikiria chombo kingine.

Historia fupi

Mfaransa Charles Mochet alitengeneza baiskeli za aina hii mwanzoni mwa miaka ya 1930. Tarehe 7 Julai 1933, mjini Paris, Francis Faure aliendesha mojawapo kilomita 45.055 kwa saa moja, akaipita rekodi ya Oscar Egg ya kilomita 44.247 iliyodumu tangu 1914. Mwaka 1934 shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli liliamua kuwa chombo hicho si baiskeli kwa maana ya mashindano, na soko lake likadumaa kwa miongo kadhaa. Uamuzi huo haukubadilisha fizikia: mwili uliolala hupata upinzani mdogo wa hewa. Mwaka 2016 Mkanada Todd Reichert alifikia kilomita 144.17 kwa saa huko Nevada, Marekani, akiwa ndani ya baiskeli ya kulalia iliyofunikwa yote.

Vilima, mizigo na vipuri

Kwenye mwinuko, mwendeshaji wa baiskeli ya kawaida husimama juu ya pedali na kuzisukuma kwa uzito wa mwili. Aliyeegemea hawezi. Husukuma kwa miguu tu, akijikaza kwenye egemeo, hivyo huhitaji gia nyepesi na hupanda polepole. Kuanza mwendo mlimani kwa magurudumu mawili ni kugumu, maana mtu akienda taratibu mno huyumba. Shimo nalo ni tatizo. Juu ya tandiko mtu huinua makalio kidogo na kuacha magoti yameze mshtuko; kwenye egemeo mshtuko huingia mgongoni moja kwa moja, isipokuwa chombo kiwe na springi au tairi nene.

Mbozi ni nchi ya miinuko, ya kahawa na mahindi, na mvua zake za Novemba hadi Aprili huyafanya maeneo ya udongo mwekundu kuteleza. Huko baiskeli ni chombo cha mizigo kwanza. Hubeba gunia au madumu kwenye keria, na kilima kikizidi, mwenyewe hushuka, hushika usukani na tandiko, akasukuma. Baiskeli ya kuegemea ni ndefu na ya chini. Kuisukuma kwa namna hiyo kunamlazimu mtu kuinama, na huenda mgongo uliookolewa na kiti ukaumia tena hapo.

Kwenye barabara kuu ya Mbeya hadi Tunduma kuna lami, lakini malori ya Zambia na Kongo ni mengi. Dereva aliye juu anaweza asimwone mtu aliyekaa karibu na ardhi. Bendera ndefu nyuma, taa na nguo ya kung'aa si mapambo.

Kwa upande wa vipuri, gurudumu dogo la mbele mara nyingi ni la inchi 20, kipimo kinachotumika pia kwenye baiskeli za watoto. Mnyororo huhitaji kuunganishwa kutoka minyororo miwili au mitatu ya kawaida, na ule mpana wa baiskeli isiyo na gia haufai.

Inamfaa nani

Humfaa zaidi anayekwenda mbali kwenye lami tambarare bila mzigo mkubwa, na ambaye viganja, shingo au msamba vinaendelea kumsumbua hata baada ya kurekebisha tandiko na usukani. Mwenye tatizo la diski za uti wa mgongo amwone daktari kwanza, kwani mkao wa kujikunja kiunoni huwaongezea wengine maumivu. Wapo pia wanaokufa ganzi miguuni kwa sababu pedali ziko juu.

Asiye na uwiano mzuri wa mwili hufaidika na ile ya magurudumu matatu, isiyohitaji kusawazishwa hata ikisimama. Ndugu yake wa karibu anajulikana sana Afrika Mashariki: baiskeli ya magurudumu matatu ya watu wenye ulemavu wa miguu, yenye kiti cha egemeo na pedali za mkono. Mpakani mwa Goma na Gisenyi wafanyabiashara wenye ulemavu huvusha shehena kwa vyombo hivyo, mara nyingi wakisaidiwa na wasukumaji.

Anayepata ya kuazima aijaribu kwa wiki kadhaa, wala si kwa mzunguko mmoja wa uwanjani, kwa kuwa misuli ya mapaja hutumika tofauti na huchelewa kuzoea. Njia ya majaribio iwe ile ile anayoipita kila siku, pamoja na mzigo wake.