TUNDA JEKUNDU LA MWARIDI WA PORINI

Labda wewe unajua waridi kuwa ua la kupamba tu. Lakini huko Ulaya uko mwaridi wa porini ambao watu hula matunda yake. Wenye elimu ya mimea huuita Rosa canina. Miiba yake imepindika kama ndoana. Kwa hiyo hujishika katika miti mingine na kupanda juu. Maua yake yakianguka, hubaki matunda madogo, nayo huiva na kuwa mekundu wakati wa baridi unapokaribia.

Tunda hili lina faida gani? Lina vitamini C nyingi kupita chungwa. Mtu akikosa vitamini hiyo siku nyingi hupata kiseyeye: ufizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, vidonda havifungi. Asipotibiwa, hufa.

Katika mwaka wa 1941, wakati wa vita, machungwa yalikuwa machache sana Uingereza, maana merikebu nyingi zilizamishwa baharini. Watoto wadogo wangepata wapi vitamini? Ndipo watu wakaenda kuchuma matunda ya mwaridi kando ya njia, hata watoto wa shule. Yakafanywa sharubati, na watoto wakanyweshwa kwa kijiko. Mmea wa miiba ukawa msaada.

Sasa angalia namna ya kuyatengeneza. Ndani ya tunda mna mbegu na nywele ndogo zinazowasha koo na tumbo. Usizimeze! Osha matunda, yaponde, uyatie mara moja katika maji yanayochemka, kwa sababu yakikaa yamepondwa vitamini hupotea upesi. Ondoa motoni, ngoja kidogo, kisha chuja kwa kitambaa safi mara mbili. Tia sukari, chemsha dakika chache, mimina katika chupa ndogo safi, funga vizuri. Weka mahali penye giza, kwa kuwa mwangaza huharibu vitamini. Watu wa Sweden hupika matunda hayo kuwa supu tamu.

Je, sisi wa Congo tuutafute mwaridi huo? Hapana. Usile tunda jekundu la porini usilolijua, maana mengine ni sumu. Mama, tazama mpera ulio nyuma ya nyumba yako. Pera nalo lina vitamini C kupita chungwa, wala halihitaji moto. Lioshe, umpe mtoto leo.