Askari wa Mwili Wako

Ndugu Mkulima, ukijikata kwa panga au ukichomwa na msumari shambani, usiseme, "Ni kidonda kidogo tu." Saa hiyo hiyo vita huanza mwilini mwako, na yafaa ujue jinsi vinavyopiganwa.

Chembe nyeupe za damu ndizo askari wako. Wa kwanza hufika katika jeraha baada ya saa chache, na mahali hapo huvimba na kuwa moto. Huwameza wadudu wa ugonjwa, na wengi hufa kazini. Usaha una maiti zao.

Askari wa pili hukawia, pengine juma moja au mawili. Hawa hutengeneza silaha ya kupiga ugonjwa mmoja tu. Adui akishindwa, baadhi yao hubaki wakiikumbuka sura yake. Ndiyo sababu aliyepona ukambi kwa kawaida haugui tena.

Maadui ni wa namna nyingi, lakini tutaje wawili. Bakteria ni kiumbe kamili, na antibiotiki humwua. Virusi ni vidogo zaidi, navyo huingia ndani ya chembe za mwili na kuzaana humo, kama fukusi ndani ya punje ya mahindi. Askari hulazimika kuiharibu punje pamoja na fukusi wake. Antibiotiki haziviwezi virusi hata kidogo. Basi, usitupe fedha zako kuzinunua kwa ajili ya mafua.

Chanjo je? Chanjo huwaonyesha askari sura ya adui kabla hajafika. Wafugaji wanajua faida yake. Sotoka ilimaliza ng'ombe wengi katika nchi yetu. Kisha Dr. Walter Plowright, akifanya kazi Muguga, alitengeneza chanjo nzuri, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Virusi vya sotoka ni ndugu wa virusi vya ukambi.

Sasa turudi kwenye kidonda chako. Mdudu wa pepopunda hukaa katika udongo na samadi. Sumu yake ni kali mno, hata kiasi kinachoweza kuua mtu ni kidogo kuliko kile cha kuwafundisha askari. Kwa hiyo aliyepona pepopunda aweza kuugua tena! Hapa mwili haujifundishi wenyewe; mwalimu wake ni chanjo.

Basi fanya hivi:

1. Osha kila jeraha kwa maji safi na sabuni. Usipake samadi wala udongo.

2. Nenda zahanati upesi, ukaulize kama unahitaji sindano ya pepopunda.

3. Mtoto apate chanjo ya ukambi akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Ukambi huwasahaulisha askari hata maadui waliowajua zamani, na mtoto aliyepona huweza kuuawa na ugonjwa mwingine.

Hungoji nondo aingie ghalani ndipo utafute dawa. Usingoje kwa mtoto wako pia.