Maini, Utumbo na Figo Mgahawani: Nani Ale Nini

Asubuhi katika mgahawa wa Mtanda mjini Lindi, kama ilivyo katika miji mingi ya pwani, mteja huketi na kuuliza kwanza: leo ipo supu ya nini? Huenda akajibiwa kwamba ipo ya utumbo, ya kongoro, ya maini au mchanganyiko. Huletewa bakuli, chapati, kipande cha ndimu na pilipili, na aghalabu kikombe cha chai ya rangi. Mwambao huu umezoea zaidi samaki na pweza, lakini tangu wafugaji walipohamishwa kutoka Usangu na Ihefu kuja Lindi na Kilwa mnamo 2006 na 2007, ng'ombe si kitu kigeni tena.

Miongoni mwa wateja hao wamo waliotumwa na kliniki. Tuchukue mfano wa mjamzito aliyepimwa damu ikaonekana ni gramu 9 kwa desilita, ilhali kwa mjamzito kiwango kilicho chini ya gramu 11 huhesabiwa kuwa ni upungufu. Ameambiwa ale nyama za ndani. Wiki nne baadaye anarudi, damu haijapanda. Muuguzi makini atauliza, "Mama, ukienda kwenye supu huwa unaagiza ipi?" Naye atajibu, "Ya utumbo, nesi. Ndiyo ninayoimudu." Mama huyu hakukaidi ushauri. Ushauri wenyewe ndio uliokuwa na kasoro, kwa sababu ulivichukulia viungo vyote vya ndani kuwa kitu kimoja.

Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zina takriban miligramu 6.5 za madini ya chuma, na figo hukaribia miligramu 6. Utumbo wa kiasi hicho hicho, ule ambao watu huuita taulo kwa jinsi unavyofanana na kitambaa, hauna hata miligramu 1. Bandama, ambayo wengi huidharau na wauza nyama hawaioni kuwa ya thamani, huyashinda maini mara kadhaa kwa madini ya chuma. Mgonjwa asiyemudu bei ya maini angefaa kuambiwa jambo hilo waziwazi. Utumbo ni chakula kizuri chenye protini, lakini haufai kutegemewa na mtu anayetaka kuongeza damu. Kongoro nalo lina gundi nyingi na madini ya chuma machache.

Chuma kilichomo katika maini na bandama mwili hukifyonza kwa urahisi kuliko kile cha mchicha au maharage. Ndimu iliyo mezani husaidia ufyonzaji wa kile cha mboga na nafaka; chai ya rangi huuzuia. Kuiahirisha chai kwa saa moja au mbili baada ya chakula ni ushauri usiomgharimu mgonjwa hata senti.

Sifa ya maini kama dawa ya damu ina historia. Mwaka 1926 huko Boston, madaktari George Minot na William Murphy walitangaza kwamba wagonjwa 45 wenye aina moja ya upungufu wa damu, ambayo wakati huo iliua, walipata nafuu kwa kulishwa maini kila siku. Mwaka 1934 walitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. Hata hivyo, wagonjwa wale hawakuwa na upungufu wa madini ya chuma. Walikosa kirutubisho ambacho mwaka 1948 kilitambuliwa kuwa vitamini B12, na ambacho maini yanacho kwa wingi mno. Sifa ikabaki, sababu ikasahaulika.

Ndiyo maana swali la kwanza kliniki linapaswa kuwa: damu inakwenda wapi? Katika ukanda wa pwani mgonjwa anaweza kuwa na malaria, safura, au kichocho kinachomtoa damu katika mkojo, na maini hayatibu hata kimoja kati ya hivyo. Mwenye selimundu naye hupungukiwa damu kwa sababu chembe zake huvunjika mapema. Akiwa ameongezewa damu mara nyingi, mwili wake unaweza kuwa tayari umelimbikiza chuma kupita kiasi. Kumhimiza ale maini na bandama bila kupima ni kosa.

Kwa mjamzito liko jambo jingine. Gramu 100 za maini ya ng'ombe zina mikrogramu zipatazo 9,000 za vitamini A, takriban mara tatu ya kiwango cha juu cha siku moja kinachohesabiwa kuwa salama kwake. Vitamini A ya namna hii ikizidi kwa kurudiwarudiwa, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, inaweza kudhuru maumbile ya mtoto. Uingereza huwashauri wajawazito wasile maini kabisa. Mahali ambapo wanawake wengi hupungukiwa na vitamini hiyo, katazo kali kiasi hicho lina hasara zake. Kipande kidogo kwa wiki hakitishi, bali sahani ya maini kila asubuhi haifai. Kidonge cha kuongeza damu anachopewa kliniki, chenye miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki, kina chuma kinachokaribia kile cha kilo nzima ya maini. Akimeze hicho, na asikiache kwa sababu tu "anakula supu."

Mgonjwa wa jongo yuko upande wa pili wa meza. Maini, figo, bandama na ubongo vina purini nyingi, ambazo mwilini hugeuka kuwa asidi ya yuriki. Asidi hiyo ikizidi hujijenga kama fuwele katika viungo, na kidole gumba cha mguu huvimba usiku hata shuka haivumiliki juu yake. Mtu wa namna hii akipewa pia dawa ya shinikizo la damu ya kundi la thiazidi, asidi huongezeka zaidi. Mhudumu asisahau kutazama orodha ya dawa kabla ya kumlaumu mgonjwa kwa ulaji wake. Wenye shinikizo la damu wenyewe huogopa mafuta, lakini katika supu ya mgahawani chumvi na vidonge vya kuongeza ladha ndivyo vya kutazamwa kwanza.

Mtanzania anayekwenda Ufaransa kwa masomo atakutana na vyakula hivi hivi kwa majina mengine. Utumbo wa Caen hupikwa saa nyingi pamoja na kwato za ng'ombe, na mvinyo wa matufaha hutiwa humo. Andouillette ni soseji ya utumbo, aghalabu wa nguruwe, kwa hiyo Mwislamu aulize kabla ya kuagiza. Ris de veau ni tezi ya kifuani ya ndama, laini na tamu, nayo ni miongoni mwa vyakula vyenye purini nyingi kupita vyote. Figo za ndama huletwa zikiwa bado nyekundu ndani. Mjamzito aombe ziive kabisa.

Hapa nyumbani pia mshikaki wa maini usiliwe ukiwa na wekundu ndani. Sufuria ya supu nayo iwe jikoni inachemka, si kupoa na kupashwa moto vuguvugu. Wapo bakteria ambao mbegu zao hustahimili mchemko, kisha huzaliana supu inapopoa polepole.

Mpishi anayenunua ini aliulizie kama mnyama alikaguliwa, na alikatae likiwa na mirija migumu inayokwaruza kisu au vifuko vya maji. Lenye vifuko asimtupie mbwa, maana ndiye anayeendeleza mzunguko wa minyoo hiyo hadi kwa binadamu. Mirija migumu ni alama ya minyoo bapa ya ini, ambayo binadamu huipata kwa mboga mbichi za majini au maji machafu, si kwa kula ini lenyewe. Lakini aliyekula ini la namna hiyo jana, hata kama liliiva, anaweza kutoa mayai ya minyoo katika choo bila kuwa mgonjwa. Fundi wa maabara akiyaona, mgonjwa aulizwe alikula nini mgahawani, akae takriban wiki moja bila maini, kisha apimwe upya kabla ya kuandikiwa dawa.