Mawazo Mengi: Dawa Husaidia Namna Gani?



Katika matembezi yetu vijijini tunasikia neno moja mara nyingi: mawazo. "Yule ana mawazo mengi." "Mawazo yamemmaliza." Wengi husema hivyo wakatikisa kichwa, kisha mambo yakaishia hapo. Katika toleo hili tumeona afadhali tueleze jambo hili wazi, kwa sababu kuna matibabu, na kuna watu wanaopotea huku matibabu yapo.

Tuanze na kisa cha mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Alikuwa wa kwanza kufika mkutanoni na hesabu yake ilikuwa safi. Halafu akaanza kukosa. Kikundi kikamtoza faini mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Wengine walisema ati anaringa. Wengine walinong'ona kwamba labda amekula pesa. Mwishowe mwenyekiti akaenda kumwona nyumbani. Alimkuta amelala saa tano mchana, mahindi hayajapaliliwa, na watoto wamejipikia uji wenyewe. Daftari la hazina lilikuwa mezani, na hakuna hata shilingi iliyopotea. Akasema, "Dada, siku hizi hata kuoga ni kazi kubwa."

Huyo hakuwa mvivu wala mwizi. Alikuwa mgonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Kila mtu huhuzunika akifiwa au mazao yakiharibika. Hiyo si ugonjwa. Lakini huzuni ikimkalia mtu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, akakosa hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi ukapotea au ukazidi, chakula kikamshinda, mwili ukachoka bila kazi, akajiona hana maana, basi tunasema ana ugonjwa wa huzuni. Madaktari wengine huuita unyogovu au sonona. Mara nyingi mgonjwa hasemi habari ya moyo. Husema kichwa kinauma, mgongo unauma, mwili unawaka moto.

Ndugu yake wa karibu ni ugonjwa wa wasiwasi. Huyu anaogopa kila siku bila sababu ya kutosha. Moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, jasho linatoka, na wakati mwingine anadhani anakufa papo hapo. Anapimwa moyo na damu, na hakuna kinachoonekana. Watu wanasema anajifanya. La, hajifanyi. Magonjwa haya mawili mara nyingi hutembea pamoja, na dawa zake nyingi ni zile zile.

Dawa zilianzaje?

Katika miaka ya 1950 wagonjwa wa kifua kikuu huko New York walijaribiwa dawa mpya iliyoitwa iproniazidi. Wahudumu waliona jambo la ajabu: wagonjwa wengine walichangamka na kula vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Wakati huo huo, daktari Roland Kuhn wa Uswisi aliona kwamba dawa nyingine, imipramini, iliwainua wagonjwa wenye huzuni nzito, akatangaza habari hiyo mwaka 1957. Amitriptilini, ambayo bado inatumika katika hospitali zetu, ni ya ukoo wa imipramini. Fluoksetini ni ya ukoo mpya zaidi. Ilikubaliwa huko Marekani mwaka 1987. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

Zinafanya kazi namna gani?

Ubongo wetu una mabilioni ya chembe za neva zinazopelekeana habari. Chembe hizi hazigusani kabisa. Katikati kuna nafasi ndogo sana, kama mfereji kati ya mashamba mawili. Habari ikifika ukingoni, chembe ya kwanza hutoa kemikali, na kemikali hiyo huvuka mfereji kama mjumbe. Wajumbe hao ni kama serotonini na noradrenalini. Mjumbe akishafikisha habari, chembe iliyomtuma humvuta tena ndani.

Dawa hizi huziba ule mlango wa kurudia, ili mjumbe akae mferejini kwa muda mrefu zaidi. Fluoksetini huzuia serotonini isirudishwe. Amitriptilini huzuia serotonini na noradrenalini pia, na hugusa sehemu nyingine za mwili, ndiyo sababu inaleta usingizi na kukausha mdomo.

Basi mtu atauliza: kama dawa inaziba mlango siku ile ile, mbona nafuu haiji siku ile ile? Swali zuri. Ni kama mbolea. Leo umeiweka shambani, na udongo umebadilika leo, lakini mahindi hayarefuki kesho. Wajumbe wakikaa muda mrefu, ubongo hujipanga upya pole pole, na hiyo ndiyo huchukua wiki kadhaa.

Zamani ilielezwa kwamba mgonjwa amepungukiwa serotonini tu, kama vile mtu anavyopungukiwa damu. Siku hizi wataalamu wanaona maelezo hayo ni mafupi mno. Ugonjwa huu hutokana na mambo mengi yaliyoshikana: urithi, msiba, umaskini, kupigwa nyumbani, kujifungua, pombe, maradhi ya muda mrefu. Dawa ni msaada wa kweli, lakini haifuti deni wala haimrudishi marehemu.

Je, zinasaidia kweli? Mwaka 2018 watafiti walikusanya majaribio 522 ya dawa 21 za namna hii, yenye wagonjwa zaidi ya 116,000. Dawa zote 21 zilishinda vidonge vitupu visivyo na dawa ndani. Lakini hazikumsaidia kila mtu. Wengine hupona kwa dawa ya kwanza, wengine hubadilishiwa.

Kosa la siku ya nane

Turudi kwa yule mama. Mwenyekiti alimpeleka kituo cha afya, akaulizwa maswali, akapewa vidonge vya amitriptilini. Siku ya nane akaviacha. Alisema, "Mdomo unakauka tu, na huzuni iko pale pale."

Hapa ndipo wengi hushindwa. Madhara madogo huja kwanza, faida huja baadaye. Amitriptilini huleta usingizi, mdomo mkavu na choo kigumu. Fluoksetini huweza kuleta kichefuchefu, kichwa kuuma au kukosa usingizi, na mwenye wasiwasi anaweza kusikia wasiwasi umezidi kidogo siku za mwanzo. Dawa hizi pia zinaweza kupunguza hamu ya mambo ya chumbani. Usione haya kumwambia daktari. Mengi hupungua baada ya wiki moja au mbili. Nafuu yenyewe huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya sita.

Mwenyekiti alirudi naye kituoni. Muuguzi alimweleza haya tuliyoyaeleza, na akaanza tena. Wiki ya tano jirani alimsikia akiimba akikamua ng'ombe.

Mambo ya kushika

1. Usijinunulie dawa hizi dukani wala usiazime za jirani. Kuna mgonjwa ambaye siku nyingine hupanda sana, halali, anasema upesi na kutumia pesa ovyo. Huyo akipewa dawa hizi peke yake anaweza kuharibikiwa zaidi. Mweleze daktari.

2. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, hata miti shamba, na kama una mimba au unanyonyesha.

3. Usinywe pombe juu yake. Chang'aa huongeza huzuni yenyewe.

4. Ukipona usiache mara moja. Kwa kawaida mgonjwa huendelea miezi 6 au zaidi baada ya kupata nafuu, kisha hupunguziwa pole pole. Ukikatiza ghafula unaweza kusikia kizunguzungu na wasiwasi, na ugonjwa unaweza kurudi.

5. Watu husema dawa hizi zinamfanya mtu mtumwa. Hazileti tamaa kama pombe. Vidonge vya usingizi kama Valium ndivyo vinavyozoesha mtu upesi, kwa hiyo havifai kutumiwa kwa miezi.

6. Ziwekwe mbali na watoto. Amitriptilini nyingi kwa mara moja huua moyo. Kama mgonjwa amewahi kutaja kufa, mtu wa nyumbani azishike na kumpa kidonge cha siku.

7. Vijana walio chini ya miaka 25 waangaliwe sana wiki za kwanza, kwa maana wengine huzidiwa na mawazo ya kujiua mwanzoni.

Mtu akisema anataka kufa, msimwache peke yake, wala msimkemee. Kumwuliza wazi hakumpi wazo jipya. Humfungulia mlango wa kusema. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Wengine waliogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinapingana na Katiba.

Kikundi kina kazi gani?

Kwa ugonjwa mwepesi, mazungumzo yanatangulia dawa. Jirani zetu wa Uganda walituonyesha. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu wenye huzuni walikutana katika vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wakisaidiwa na viongozi wa kwao waliofundishwa kazi hiyo. Waliokutana hivyo walipona kuliko wasiokutana. Hawakutumia kidonge hata kimoja. Kwa ugonjwa mzito, dawa na mazungumzo huenda pamoja, na mtu wa kuomba aombe. Maombi hayamkatazi mtu kumeza dawa yake.

Kikundi cha yule mama kilirudisha faini zote tatu. Kisha kikaandika kanuni mpya: mwanachama akikosa mikutano miwili, watu wawili waende kwake kabla ya kumtoza chochote. Yeye bado ndiye mweka hazina.

Maswali ya kujadili

Ni nani amekosa kuonekana katika kikundi chetu mwezi huu? Nani atakwenda kumwona? Kituo cha afya kilicho karibu nasi kina dawa hizi, na ni siku gani anapatikana mtu wa kutusikiliza?